Joto Lisipotee Bure

Wakazi wa visiwa vyetu vya Ziwa Victoria wanaijua vema gharama ya taa. Kila pipa la dizeli liendalo kisiwani hulipiwa bei yake mjini, kisha hulipiwa tena nauli ya boti. Kwa hiyo ni haki kuuliza: pipa hilo likiisha, mwananchi amepata nini?

Jawabu lake ni chungu. Jenereta ya kawaida hugeuza takriban theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta kuwa umeme. Sehemu kubwa iliyobaki ni joto, nalo hutoka na moshi na maji ya kupozea injini, likapotelea hewani. Hatua chache kutoka hapo, mama anachochea kuni apate kupika, na mvuvi anakata mti apate kubanika samaki wake. Hiyo ni israfu.

Maarifa ya kulikinga joto hilo si mageni. Huko Denmark, baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, mitambo mingi ya umeme iliunganishwa na mabomba ya maji ya moto, na leo zaidi ya nusu ya nyumba za nchi hiyo hupashwa joto kwa mabomba. Mtambo wa aina hiyo ukitunzwa vema huweza kutumia kiasi cha asilimia 80 ya nguvu iliyomo katika mafuta. Hata hapa nchini, viwanda vya sukari vya Kilombero, TPC na Kagera huchoma makapi ya miwa. Mvuke huzungusha mashine za umeme, kisha hupika sukari.

Hatusemi kwamba Musoma, Bunda na Butiama zipashe vyumba moto. Sisi hatuna theluji. Tena joto halisafiri mbali; hupoa njiani. Nyumba zilizotawanyika zitafaidika zaidi na gridi ya Taifa, au na jua, kama ulivyoonyesha mtambo wa Bwisya, kisiwani Ukara, ulioanza mwaka 2016. Tunalosema ni hili: mahali ambapo jenereta hunguruma saa nyingi karibu na nyumba za watumishi, bweni, kituo cha afya au chanja za samaki, joto lake lisiachwe lipotee.

Bwawa la Mwalimu Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeliongezea Taifa nguvu kubwa, lakini waya haufiki kila kisiwa kwa siku moja. Na Serikali, katika mkakati wake wa mwaka 2024, imeazimia asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo halitafikiwa kwa hotuba.

Kwa hiyo hatuna budi kuwaambia viongozi: msiidhinishe jenereta ya kisiwani kabla ya kuuliza joto lake litafanya kazi gani. Wataalamu wa Chuo Kikuu kilichopo Butiama wapime pia kama mashina ya pamba ya Bunda, ambayo wakulima hutakiwa kuyang'oa na kuyachoma baada ya mavuno ili kuangamiza wadudu, yanaweza kuchomwa kwa faida. Nazo serikali za vijiji visiwani ziandike lita zilizoingia, umeme uliotoka na kuni zilizookolewa. Wahenga walikwisha kutuonya: mali bila daftari huisha bila habari.