Msaada Usiojulikana ni Kama Haupo

Mwaka 2004 Serikali, ikishirikiana na UNICEF, ilianza kwa majaribio kuwapa fedha walezi wa mayatima huko Kwale, Garissa na Nairobi. Mpango ule ulikua, na leo umo katika Inua Jamii, pamoja na wazee waliotimu miaka 70 na wenye ulemavu mkubwa. Kiasi chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini kwa mjane ni unga na mafuta ya taa.

Tatizo ni habari. Tangazo husomwa katika baraza la chifu, na mjane hafiki huko. Wengine huona haya kuuliza, nao wahenga walisema: mficha uchi hazai.

Mimi naona njia ni msikiti. Kurani, katika Sura ya Tawba, imetaja aina nane za wanaostahiki zaka. Baada ya mafakiri na maskini, wa tatu ni wale wanaoitumikia. Basi kazi ya kukusanya na kugawa imepewa heshima yake tangu zamani.

Kamati za zaka na zikae na maafisa wa ustawi wa jamii, walinganishe majina, kisha baada ya sala ya Ijumaa itangazwe nani ana haki na aende wapi. Madrasa nazo ziwafikishie kina mama. La sivyo, mwenye jamaa ofisini atapata mara mbili, na asiye na mtu atakosa kotekote.