Dili la Msalaba wa Mjerumani

Juzi nilikuwa Maretadu, kule Mbulu, nasubiri gari. Kijana mmoja akanivuta pembeni ya duka, akafungua leso. "Braza, dili hili. Msalaba wa Chuma wa Mjerumani. Babu yake babu alipewa kwa ushujaa vitani. Laki tano tu."

Si unajua tena mambo ya mali ya Mjerumani? Leo rupia, kesho dhahabu iliyofukiwa chini ya mti, na wanaolizwa hawaishi. Nikaushika, nikaugeuza, nikacheka kimoyomoyo.

Msalaba wa Chuma ulianzishwa na mfalme wa Prussia, Friedrich Wilhelm wa Tatu, mwaka 1813, akipambana na Napoleon. Ni chuma cheusi chenye ukingo wa fedha. Raha yake ni kwamba hata askari wa kawaida aliweza kuvikwa, siyo mabwana wakubwa peke yao. Ukarudishwa 1870, 1914 na 1939.

Sasa huu wa leso ulikuwa na rangi ya shaba, panga mbili, na miaka 1914 na 1918. Kumbe ni Msalaba wa Heshima, ulioanza kutolewa mwaka 1934 kwa waliopigana Vita Kuu ya Kwanza! Wajerumani waligawiwa kwa mamilioni. Labda huu uliachwa na masetla wao wa Oldeani.

"Kwa hiyo babu hakupewa?" kijana akauliza.

Nikamsimulia habari za Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904. Aliingia jeshi la Mjerumani akiwa mtoto wa miaka kumi, akajeruhiwa Mahiwa mwaka 1917. Mwaka 1929 akatua Berlin, akadai mshahara wake wa vita, wakamtosa. Akawa mhudumu wa baa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza sinema. Msalaba huu ulipotoka akauomba. Wakamnyima kwa sababu ya rangi yake. Unajua alifanya nini? Akaenda akaununua mwenyewe, akauvaa kifuani!

Mwaka 1941 wakamkamata kwa kosa la kutembea na mwanamke mweupe, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Akafia huko Novemba 1944.

Kijana akanyamaza, uso umemshuka. Hapo nikajuta. Nilitaka kuvunja dili, nikajikuta nimemvunja na babu wa watu.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, babu kukosa msalaba siyo kukosa ushujaa. Mahjub kidonda alikipata vitani, msalaba akaupata dukani."

Akaufunga kwenye leso taratibu. "Basi, braza, siuzi tena."

Gari likapiga honi. Nikamnunulia soda, nikapanda. Na wewe msomaji, ukiletewa mali ya Mjerumani, geuza kwanza usome mwaka. Tukutane wiki ijayo.