Dawa ya Ebola haipimwi kwa wagonjwa wachache

Mnunuzi wa mahindi hachomi bambo gunia moja akalipia lori zima. Dawa, hata hivyo, zimewahi kupimwa karibu hivyo.

Mwaka 2015, Ebola ikiwa Afrika Magharibi, watafiti walipanga kuijaribu dawa ya ZMapp kwa wagonjwa 200. Mlipuko ukapungua wakiwa wamepata 72 tu. Kati ya 36 waliopewa dawa hiyo walikufa 8. Kati ya 35 wasiopewa walikufa 13. Ukitazama kwa macho, dawa inafaa. Lakini kwa watu wachache hivyo, bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti hiyo, na watafiti hawakusema imethibitika.

Jibu lilitoka Kongo. Kuanzia Novemba 2018, wagonjwa 681 wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina waliingia katika utafiti wa dawa nne ulioongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake. Agosti 2019 ulisitishwa kabla ya wakati, kwa kuwa matokeo yalikwisha kuonekana: karibu nusu ya waliopewa ZMapp walikufa, ilhali kwa dawa mbili nyingine walikufa kama thuluthi moja. Ile iliyong'aa kwa wagonjwa 72 ndiyo iliyoachwa nyuma.

Wataalamu huita hii nguvu ya kitakwimu, yaani uwezo wa utafiti kuiona tofauti iliyopo kweli. Gharama yake hupanda haraka: tofauti unayoitafuta ikipungua kwa nusu, watu wanaohitajika huwa takriban mara nne.

Hapo ndipo kila nchi kufanya peke yake kunapoumiza. Mwaka 2022 Uganda ilipata Ebola ya aina ya Sudan. Chanjo za majaribio zilipofika Desemba, wagonjwa walikuwa wamekwisha, na hapakuwa na wa kupima. Nchi za Jumuiya zingekubaliana mapema juu ya mpango mmoja wa utafiti, mgonjwa wa Bunia na wa Kasese wangehesabiwa katika daftari moja.

Wafanyabiashara wanaijua bei ya kuchelewa. Tarehe 1 Agosti 2019 Rwanda ilifunga mpaka wake na Goma kwa saa kadhaa tu, na hizo zilitosha kuwatia hofu wauza nyanya. Vyama vyao vya Rubavu, Goma, Mpondwe na Busia, vinapopeleka madai ya forodha Arusha, viliongeze na hili.