Uchunguzi wa Wanunuzi wa Bunduki Marekani: Ubishi Usiopimwa Hauna Mwisho

Nchini Marekani, mtu anayetaka kununua bunduki dukani hujaza fomu, kisha mwenye duka huuliza kwa shirika la upelelezi la FBI, au kwa polisi wa jimbo, kama sheria inamruhusu mtu huyo kumiliki silaha. Utaratibu huu umetokana na Sheria ya Brady ya mwaka 1993, na mtambo wa kumbukumbu unaoutumikia ulianza kazi mwaka 1998. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 1968 ilikuwa imekwisha kukataza watu waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa wasiuziwe silaha. Lakini mara nyingi mnunuzi alisadikiwa kwa sahihi yake tu.

Sheria hiyo ya taifa humbana mfanyabiashara mwenye leseni. Mtu binafsi anayemwuzia mwenzake bunduki yake halazimiki kuuliza lolote, isipokuwa katika majimbo yaliyojitungia sheria kali zaidi. Baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa shuleni huko Newtown mwezi Desemba 1912+100, yaani 2012, mswada wa kupanua uchunguzi ulipata kura 54 katika Seneti mwaka 2013, nao ukaanguka kwa kuwa zilihitajika 60.

Wanaounga mkono uchunguzi wasema kwamba chujio lenye tundu ubavuni halichuji. Wanaoupinga wasema kwamba mhalifu haendi dukani, na kwamba kumbukumbu hizo zaweza kugeuzwa orodha ya kuwanyang'anya raia haki iliyomo katika katiba yao. Hofu hii ya pili ni ya kisiasa, na haina budi kujibiwa kisiasa. Lakini swali la kama uchunguzi unapunguza vifo ni swali la sayansi, nalo lina vipimo.

Vipimo hivyo havimpendelei yeyote. Jimbo la Connecticut lilianza mwaka 1995 kumtaka mnunuzi wa bastola apate kwanza kibali, na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulihusisha sheria hiyo na upungufu mkubwa wa mauaji ya bunduki. Missouri ilifuta sheria yake ya vibali mwaka 2007, na watafiti wakaona mauaji ya bunduki yakiongezeka. Kwa upande mwingine, California ilipanua uchunguzi hadi kwa wauzaji binafsi mwaka 1991, lakini utafiti uliotolewa mwaka 2018 haukuona kwamba vifo vilipungua kwa sababu hiyo.

Je, matokeo haya yanapingana? Kwa maoni yetu, la. Kuuliza jina la mnunuzi kaunta ni jambo moja. Kumtaka aende mwenyewe kuomba kibali, achukuliwe alama za vidole na asubiri, ni jambo jingine. Aidha, uchunguzi hauwezi kuwa bora kuliko kumbukumbu zake. Mwaka 2015, mtu aliyewaua waumini 9 kanisani huko Charleston aliuziwa bastola kwa sababu siku tatu za kazi zilipita kabla uchunguzi haujakamilika, na sheria ikamruhusu mwenye duka kuuza. Hapo sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni jibu.

Ndiyo maana tunaona kwamba kosa kubwa zaidi halikuwa la upande huu wala ule, bali lilikuwa kudhoofisha upimaji wenyewe. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliwekea masharti fedha za kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, na kwa zaidi ya miaka ishirini utafiti wa serikali kuhusu bunduki ukadidimia. Fedha maalumu, dola milioni 25, zilirudishwa katika bajeti ya mwaka 2020. Mwaka 2021 pekee, bunduki ziliua watu zaidi ya 48,000 nchini humo, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Hao hawamo kabisa katika hoja ya kwamba mhalifu haendi dukani.

Taifa laweza kuchagua sheria kali au nyepesi. Hiyo ni hiari yake. Lakini lisichague kutojua, kwa maana gharama ya kutojua hulipwa na wale ambao hawakuulizwa.