Mungu Gani Anaibiwa?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na swahaba zake. Ama baada ya hayo, wapenzi wanafunzi, katika toleo hili niliombwa niandike juu ya adabu za kutafuta elimu, na nilikwisha kuanza. Lakini lilitokea jambo hapa hapa chuoni kwetu, nikaona kuandika juu ya adabu huku nikilinyamazia jambo hilo ni kuwakwepa.

Mnajua nyote jinsi mvua ya Nkunga inavyoshuka juu ya bati letu. Mwalimu hawezi kupambanua sini na swadi za mwanafunzi aliyekaa mbele yake. Siku kama hizo hufunga misahafu, tukasogeleana kwenye ile kona isiyovuja, na mwenye kisa akakitoa kwa sauti ya juu. Mara nyingi huwa ni Abunuwasi, au Sungura, au lile joka ambalo watoto wa huku husimuliana kuwa limo ndani ya Ziwa Ngosi. Siku moja ya masika akasimama kijana ambaye sitamtaja jina. Kijana huyu alikuwa na miaka miwili hajavuka Juzuu Amma, na wenzake walikwisha kumzoea kuwa ni wa mwisho. Akaanza kusimulia kwa ufasaha ambao sikujua kuwa anao: mtoto wa miaka 12 wa mji wa New York, amefukuzwa shule moja baada ya nyingine, baba yake hamjui, kisha anaambiwa kuwa baba yake ni mungu wa bahari.

Hapo nilisema "Astaghfirullah!" nikamkatiza, nikamwamuru akae chini. Kumbe na kitabu chenyewe alikuwa nacho ndani ya mkoba, pamoja na juzuu yake. Nikakichukua nikakifungia kabatini. Mwalimu mwenzangu aliposikia alisema kichomwe moto, na mzazi mmoja akauliza kama chuo sasa kinafundisha miungu. Niliwaomba wanipe muda nikisome kwanza. Kiingereza changu ni cha kutafuta maneno kwenye kamusi, kwa hiyo ilinichukua wiki tatu.

Kitabu kinaitwa The Lightning Thief, yaani Mwizi wa Radi, na kilitoka mwaka 2005. Mwandishi wake ni Rick Riordan, Mmarekani wa Texas, ambaye kabla ya kuishi kwa kalamu alikuwa mwalimu wa shule kama sisi. Alikuwa na mtoto wa kiume mwenye ugumu wa kusoma unaoitwa disleksia, na tena asiyeweza kutulia darasani. Masomo yalimchosha mtoto yule isipokuwa ngano za Kiyunani, basi baba akawa anamsimulia usiku kabla ya kulala. Ngano zilipokwisha, mtoto akataka atungiwe nyingine. Baba akamtungia huyu Percy Jackson, na akampa Percy matatizo yale yale ya mwanawe: herufi zinamruka kwenye karatasi, walimu wanamwona mzembe, wenzake wanamcheka.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Kijana wetu niliwahi kumchapa kiganjani kwa sababu ya be, te na the. Kila siku anazichanganya, kesho ndiyo kabisa. Niliandika kwenye daftari langu neno "mvivu", na nililiandika zaidi ya mara moja.

Nikamwita baada ya swala ya Alasiri.

"Shikamoo Ustadh."

"Marahaba mwanangu, kaa. Hiki kitabu umekisoma wewe?"

"Dada alinisomea, Ustadh. Yuko sekondari. Alikuwa anasoma halafu ananiambia kwa Kiswahili, na pengine kwa Kinyakyusa."

"Na wewe ukikishika unaona nini?"

Akanyamaza kidogo. "Nukta zinatembea, Ustadh. Hata za msahafu zinatembea."

Miaka miwili nimekaa na mtoto huyu, na swali hilo sikuwahi kumuuliza. Mimi si daktari, siwezi kusema kijana ana disleksia au hana. Lakini wanaoijua hali hiyo wanaeleza kuwa haina uhusiano na akili wala bidii, kwamba mtoto mwerevu sana anaweza kuwa nayo, na kwamba husaidika akifundishwa taratibu, sauti moja moja, asikie kabla ya kuona. Kitabu chenyewe kinasema herufi zinamruka Percy kwa kuwa ubongo wake uliumbwa kwa Kiyunani cha kale. Hilo ni la hadithi, msilichukue.

Kisha nikaja kwenye lililoniogopesha. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya tauhidi, na aya zake nimeziwekea alama.

"Unaamini kuwa yuko mungu wa bahari?"

Akanitazama kama ananihurumia. "Hapana, Ustadh. Yule mkubwa wao, Zeus, ameibiwa radi yake. Mungu gani anaibiwa? Na aliyeiba hamjui, anamsingizia mtoto wa watu."

"Endelea."

"Wanagombana, wanadanganyana, wanazaa watoto halafu wanawasahau. Ni wazazi wabaya, Ustadh. Yule Luke aliyekuja kuwa mwizi kweli, mimi nilimwonea huruma. Baba yake yupo, lakini hamtazami."

Hapo mimi ndiye niliyenyamaza, maana naijua nyumba anayotoka kijana huyu.

Wanafunzi wangu, mmesoma kisa cha Nabii Ibrahim (A.S.). Alilitazama jua likizama, akasema chenye kuzama hakifai kuabudiwa. Aliyavunja masanamu akaliacha kubwa lao, akawaambia watu wake waliulize hilo nani amefanya hivi. Hakuwakataza tu, aliwaonyesha udhaifu wa kile walichokiinamia. Kijana aliyekuwa wa mwisho katika darasa langu alipita njia hiyo hiyo akiwa amelala kitandani anasikiliza hadithi ya dada yake. Hotuba yangu sikuitoa. Nilimuuliza tu kama kuna jambo jingine aliloliona, akanitajia ile hoteli ambayo Percy na wenzake waliingia kucheza, wakadhani ni muda mfupi, kumbe zimepita siku tano. "Nilikumbuka Ashabul Kahf," akasema, "ila wale walilala kwa ajili ya dini yao, hawa walipumbazwa na michezo." Mambo kama hayo nimeyatafuta katika karatasi za mitihani bila kuyapata.

Wenye kutaka kitabu kichomwe si wajinga, na hofu yao ninaielewa. Shirki ni dhulma kubwa, na mtoto mdogo ambaye bado hajaijua Suratul Ikhlas kwa maana yake asipewe hadithi ya miungu wenye wake na watoto. Hilo ninalisema waziwazi. Tena mwandishi huyu baadaye, katika vitabu vyake vya ngano za watu wa kaskazini ya Ulaya vilivyoanza mwaka 2015, alimweka msichana wa Kiislamu mwenye hijabu, Samirah, ambaye baba yake ni mmoja wa hao miungu. Nadhani alikusudia kutuheshimu, na msichana yule anashikilia kuwa Mungu ni mmoja. Hata hivyo mimi sikupendezwa. Afadhali Wayunani peke yao, maana mtoto anajua kuwa pale yupo ugenini.

Lakini hofu nayo ina mipaka. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alirudi kutoka safari ya vita, upepo ukafunua pazia, akaona vitoto vyake vya bandia. Katikati yao palikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Alipouliza farasi gani huyu mwenye mbawa, Bibi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha kuwa Nabii Sulaiman (A.S.) alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume (S.A.W.) akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hakumnyang'anya. Nilipoikumbuka hadithi hiyo, funguo ya kabati ilikuwa mfukoni mwangu, na niliona haya.

Na wazee wetu katika elimu walifanya nini na Wayunani? Zama za Makhalifa wa Bani Abbas mjini Baghdad, hasa wakati wa al-Ma'mun aliyetawala mwaka 813 mpaka 833, vitabu vya Kiyunani vilitafsiriwa kwa wingi: hesabu za Euclid, utabibu wa Galen, falsafa ya Aristotle. Mfasiri mkubwa wa utabibu, Hunayn bin Is-haq, alikuwa Mkristo, na walimlipa na kumheshimu. Ngano za miungu hawakuzishughulikia sana, na utenzi mkubwa wa Kiyunani wa vita vya Troy haukupata tafsiri kamili ya Kiarabu mpaka mwaka 1904, mjini Cairo, kwa kalamu ya Sulayman al-Bustani. Walichagua. Lakini ili uchague lazima kwanza ufungue kitabu.

Sasa tuje nyumbani, maana kuna watu wanadhani mambo ya mashujaa waliogeuzwa miungu ni ya Ugiriki tu. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930 wakiandika mila zao. Katika maandishi ya Bibi huyo imo habari ya Lwembe na kichaka chake kitakatifu cha Lubaga, karibu na Tukuyu, ambako wazee walitoa sadaka kuomba mvua na rutuba. Imo pia habari ya Kyala, kwamba hapo kale lilikuwa ni jina la shujaa mmojawapo mwenye pango lake karibu na Ziwa Nyasa. Baada ya wamisionari kufika mwaka 1891, jina hilo ndilo lililochukuliwa kumwita Muumba. Leo bibi yako wa Nkunga akisema "Kyala" anamkusudia Muumba wa mbingu na ardhi, si mtu wa pangoni. Waliopita hapa kabla yetu walikuwa na mashujaa wao kama Wayunani, na Percy Jackson wao hajaandikwa. Tuna Daraja la Mungu pale mto Kiwira, jiwe la volkano lililojitandaza juu ya maji kama limejengwa. Tuna Kijungu, tuna Ngosi, tuna Mlima Rungwe wenyewe. Mtoto wa Texas ametungiwa vitabu kwa mambo ya nchi ambayo si yake, na mtoto wa Rungwe anasubiri mvua ndiyo asikie ya kwake.

Vya kwetu vya Kiswahili vipo, ila tumeviacha viwe vya mitihani. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, kina majini, mji wa watu waliogeuka mawe, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa hasadi yao. Nani kati yenu amekisoma bila kuambiwa na mwalimu? Nimenunua nakala moja iliyotumika, imo kabatini, na kabati halifungwi tena. Ninachokiogopa mimi si kitabu. Ni ile simu inayozunguka usiku kutoka mkono hadi mkono, ambayo hakuna dada anayekaa kando kutafsiri wala Ustadh anayeuliza umeona nini.

Kitabu cha kijana nimemrudishia, na nilimwomba radhi mbele ya wenzake, maana nilimwaibisha mbele yao. Neno "mvivu" nimelifuta kwenye daftari. Sasa yeye hasomi kwanza, anasikiliza. Ninamsomea aya, anairudia, ninamsomea tena, na jicho linafuata baadaye kwa kidole, mstari mmoja tu huku mingine imefunikwa kwa karatasi. Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), muadhini wa Mtume (S.A.W.), alikuwa kipofu. Imam ash-Shatibi, aliyefariki mwaka 1194 na ambaye shairi lake la visomo saba wasomaji wa Qur'ani wanalihifadhi mpaka leo, alikuwa kipofu. Qur'ani iliteremka masikioni kabla ya kuwa wino, nami niliyesomea mambo hayo mpaka nikapewa diploma nilisahau kabisa nilipokutana na mtoto mmoja na nukta tatu.

Amekwisha kuvuka Juzuu Amma na sasa yuko Suratul Mulk. Haendi haraka.

Mwezi uliopita mvua ilishuka tena, tukasogeleana konani. Nilimwambia asimame amalizie pale nilipomkatiza. Alifika kwenye nyumba ya yule mwanamke Medusa, bustani yake imejaa sanamu za mawe, na watoto hawajui bado kuwa zile sanamu zilikuwa watu, mara mvua ikakatika. Nilitazama saa, muda wa kisomo ulikuwa umebaki. Mdogo kuliko wote akanivuta kanzu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ustadh, wamemtazama?"

Wabillahi tawfiq.