Njia ya Pili Itafutwe Mapema

Mnyororo wa ugavi, yaani mfululizo wa kazi zote zinazoitoa bidhaa kwa mzalishaji na kuipitisha bandarini, barabarani na ghalani mpaka imfikie mtumiaji, huendeshwa kwa maamuzi ya aina mbili. Yapo ya kila siku, kama vile lori gani lipakiwe leo. Na yapo ya kimkakati, ambayo huifunga taasisi kwa miaka mingi na kuyageuza ni gharama kubwa, kama vile kuchagua bandari, kujenga matangi au kukadiria akiba iwe ya siku ngapi. Haya ya pili wakuu wengi huyaahirisha, kwa sababu faida yake haionekani katika hesabu za mwaka.

Kwa mfano, baada ya matokeo ya uchaguzi wa Kenya kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, ghasia ziliziba barabara kuu itokayo bandari ya Mombasa hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na reli ikang'olewa Kibera, Nairobi. Punde si punde Uganda, Rwanda na Burundi, ambazo zilipitisha mafuta yao katika njia hiyo lakini hazikuwa na mkono wowote katika ugomvi ule, zikapungukiwa petroli na bei ikapanda ghafla. Uganda ilikuwa na matangi ya akiba Jinja, lakini hayakuwa na mafuta ya kuiokoa nchi. Na jambo hili ni zito kuliko ghasia zenyewe, kwani ghasia hazikuwa katika uwezo wa Kampala kuzizuia, ilhali kuyajaza matangi kulikuwa.

Watetezi wa njia moja husema kwamba akiba hulaza mtaji na kwamba kugawa shehena huondoa punguzo la bei. Ni kweli, lakini hesabu hiyo haijumuishi hasara ya siku ambayo njia imefungwa. Tena si lazima njia ya pili iwe ndefu: kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo hadi Kigali ni karibu kuliko kutoka Mombasa. Lililo muhimu ni kwamba ipewe sehemu ya shehena kila mwezi, hata kwa gharama ya ziada, ili mawakala wa forodha, madereva na wenye maghala wazoeane. Njia iliyoandikwa tu katika mpango haipitishi hata lori moja siku ya dharura.

Bodi zinazotegemea bandari moja ziyajadili haya katika bajeti ya mwaka huu.