Tusimfundishe Seremala Randa Peke Yake



Juma hili naomba tutafakari jambo ambalo huenda likakushangaza: elimu ya useremala. Vyuo vya VETA vimefundisha ufundi huo kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, mkondo wa amali umeingia hata katika shule za sekondari. Ni jambo jema. Taifa lisiloheshimu kazi ya mikono hujikuta likinunua hata kijiko kutoka nje.

Lakini hoja yangu ni hii: chuo kinachomfundisha kijana kukata mbao bila kumfundisha kuuliza mbao hiyo imetoka wapi, samani itakayotokana nayo itadumu miaka mingapi, na ni nani aliyeumia njiani, kimempa nusu ya ufundi. Na nusu ya ufundi, mikononi mwa mtu mwenye msumeno, ni hatari.

Wapo watakaosema kwamba maadili na uendelevu katika usanifu wa samani ni masomo ya watu walioshiba. Kwamba mtoto wa Ufipa anahitaji ajira kwanza, na falsafa baadaye. Hoja hiyo ina sura ya huruma, lakini haina ukweli. Tukumbuke kampeni ya madawati ya mwaka 2016. Elimu bila ada ilikuwa imefungua milango, watoto wakafurika, na wengi wakaketi sakafuni. Serikali ikaagiza madawati yapatikane hadi mwisho wa Juni mwaka ule. Lengo lilikuwa la haki kabisa. Hata hivyo, kila fundi anajua kinachotokea mbao mbichi inapoundwa kwa haraka: hunywea, hupinda, viungo hulegea, na msumari hubaki ukining'inia katika tundu lililopanuka. Dawati la namna hiyo likivunjika baada ya miaka miwili, mtoto hurudi sakafuni, fedha ya wazazi imekwisha, na mti umekwisha kuanguka. Je, kumfundisha seremala kukausha mbao kabla ya kuiunganisha ni anasa ya walioshiba? Hasha! Ni haki ya mtoto maskini.

Sasa tutazame mti wenyewe. Uwanda wetu wa Ufipa ni nchi ya nyasi na upepo. Samani tunazojivunia hutokana na miombo ya mabonde na nyanda zilizo chini yetu, na mfalme wake ni mninga. Mti huu huhitaji takriban miaka 75 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mche wake mchanga hunyauka juu ya ardhi kila kiangazi na kuchipua upya kutoka mizizini, mwaka baada ya mwaka, kabla haujapata nguvu ya kusimama na kukua. Na moto wa nyika ukipita mara kwa mara, safari hiyo huwa ndefu zaidi. Mwaka 2002, katika jarida la Forest Ecology and Management, watafiti walichapisha uchunguzi kuhusu uvunaji wa mninga katika mkoa wetu wa Rukwa, ambao wakati ule ulijumuisha pia eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Katavi. Walionyesha kwamba ukataji ulikuwa umezidi uwezo wa mti huo kujirudisha. Habari hiyo ilihusu nyumbani kwetu. Ni vyuo vingapi vya useremala vilivyoisoma kwa wanafunzi?

Ndugu yake mninga, yaani mkurungu, aliandamwa kwa ajili ya masoko ya mbali. Mwaka 2019, mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES uliofanyika Geneva uliuingiza mkurungu katika Kiambatisho cha Pili, maana yake usiuzwe nje bila kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji hauhatarishi uhai wa mti huo. Mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, ulinzi huo ukapanuliwa kwa jamii yote ya miti hiyo barani Afrika, mninga ukiwemo. Lakini tuelewe vema: mkataba ule unasimamia mbao zinazovuka mipaka. Hausemi neno lolote juu ya kitanda kinachouzwa Sumbawanga mjini. Hapo hakuna mlinzi isipokuwa dhamiri ya fundi na dhamiri ya mnunuzi, na dhamiri isiyofundishwa husinzia.

Tumezoea pia kujifariji kwa kaulimbiu: ukikata mti, panda mti. Ni maneno mazuri, lakini yanaweza kugeuka dawa ya usingizi. Anayekata mninga wa miaka 90 na kupanda msindano mmoja hajalipa deni, amebadilisha sarafu. Misindano ina nafasi yake, tena kubwa. Mashamba ya Sao Hill kule Mufindi, na hapa kwetu Shamba la Miti Mbizi, yapo ili tupate mbao bila kuumaliza msitu wa asili. Shida ni kwamba tumemfundisha fundi kuidharau mbao laini, na mteja kuamini kuwa heshima ya nyumba hupimwa kwa uzito wa sofa. Msanifu mwenye akili angeitumia misindano iliyokaushwa na kutiwa dawa ya wadudu kwa fremu na rafu, akauhifadhi mninga kwa sehemu zinazobeba mzigo na kuguswa kila siku. Huo ndio usanifu: kujua kiasi, na kujua mahali.

Hata hivyo, sitakubali lawama yote iangukie kichwa cha seremala wa kando ya barabara. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa taarifa kuhusu biashara ya magogo kusini mwa Tanzania, iliyoshamiri baada ya Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji kufunguliwa mwaka 2003. Taarifa ilieleza kwamba katika mwaka wa fedha 2004/2005 asilimia 96 ya mapato ambayo yangestahili kuingia serikalini yalipotea, na kwamba kumbukumbu za China zilionyesha mbao kutoka Tanzania mara kumi zaidi ya zile zilizoandikwa na Tanzania yenyewe. Kiasi kama hicho hakipotei kwa mikono ya fundi mwenye randa moja! Kinapotea mbele ya macho ya watu wenye kalamu na mihuri. Ndiyo maana somo la maadili lisiwe mahubiri ya kumtisha kijana, bali elimu ya kumpa nguvu: aijue Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ajue kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kinavyofanana, aitambue alama ya nyundo ya mkaguzi katika gogo halali, na awe na ujasiri wa kukataa gari linaloshusha mzigo usiku wa manane.

Tena maadili hayaishii msituni. Tangu mwaka 1995 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, umeorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Pita katika karakana zetu uone vijana wakipiga msasa na kupuliza vanishi bila barakoa, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Kiti kizuri kilichojengwa juu ya mapafu ya mwanagenzi si kizuri.

Nasikia swali: nani atalipa gharama ya haki hii yote? Swali ni halali. Jibu mojawapo liko Kilwa. Huko vijiji vilipewa mamlaka juu ya misitu yao, na mwaka 2009, kwa msaada wa shirika lililojikita katika uhifadhi wa mpingo, vikapata cheti cha kimataifa cha FSC. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Mti ukawa na mwenyewe, mwenyewe akawa na bei, na bei ikampa sababu ya kulinda mti. Utaratibu kama huo si rahisi wala si wa siku moja, lakini unabomoa uongo kwamba maskini hana budi kuchagua kati ya msitu na mkate.

Basi nasi wanunuzi tujitazame, tukianza na nyumba ya Mungu. Papa Benedikto XVI katika Caritas in Veritate (2009), na Papa Fransisko katika Laudato Si' (2015), walitukumbusha kwamba anayenunua hutenda tendo la kimaadili, halina budi kupimwa kwa dhamiri. Kamati ya parokia inayoagiza mabenchi ya mninga kwa bei ya chini kuliko kawaida, bila kuuliza kwa nini bei ni ya chini, imekwisha kumfundisha fundi somo lake la maadili, na amelielewa vizuri sana. Halmashauri inayochagua zabuni kwa kigezo cha bei peke yake imefundisha somo hilo hilo. Samaki mkunje angali mbichi, tunasema. Lakini nani atamkunja kijana ikiwa wakubwa wenyewe wamekwisha kukauka wakiwa wamepinda?

Naomba wakufunzi wa useremala wayape maswali haya matatu nafasi katika mtihani, si katika hotuba ya mahafali tu: Mbao hii imetoka wapi? Itadumu miaka mingapi, na ikivunjika itarekebishika? Nani ameumia ili iwe nafuu? Nawe, ndugu msomaji, juma hili ukienda kuagiza meza, mwulize fundi wako swali la kwanza. Asipojua jibu, usimkemee. Mwambie utasubiri hadi alijue.

Tukutane juma lijalo, Mungu akitujalia.